Kiti cha Mzee Mhina

Jumanne moja ya mwezi wa sita, mwaka 1975, saa mbili na robo asubuhi, Landrova ya serikali iliingia katika kituo cha mbung'o nje kidogo ya Mkata, ikazimika yenyewe kabla dereva hajagusa ufunguo. Akashuka Ndugu Bonaventura, mkaguzi wa usalama kutoka makao makuu, amevaa Kaunda suti ya rangi ya majivu iliyojikunja mgongoni. Mkononi alikuwa na mkoba wenye fomu ya maswali arobaini na mawili, na begani alining'iniza kisanduku cha chuma chenye kioo na mshale. Alikuwa amelala gesti ya Korogwe, na kunguni wa gesti walikuwa wamemkagua yeye usiku kucha. Kwa hiyo hakuwa na furaha sana.

Mkuu wa kituo, Bwana Habakuki, alimpa chai ya rangi na mihogo ya kuchemsha, akamweleza kazi ya kituo. Ndani ya stoo ya saruji, ndani ya sanduku zito la madini ya risasi, kulikuwa na jiwe. Wataalamu walikuwa na jina lake refu, lakini watu wa Mkata waliliita jiwe, na yeye Habakuki siku hizi aliliita hivyo hivyo. Mbung'o madume waliwekwa karibu na jiwe hilo kwa dakika chache, wakatoka hawana mbegu. Halafu walitiwa doa la rangi nyeupe mgongoni na kuachiwa porini waoe bure, ili mbung'o wapungue na ng'ombe wapone.

"Na wezi je?" aliuliza Bonaventura. "Nani anaweza kuliiba hilo jiwe?"

"Hapa Mkata?" Habakuki alicheka mpaka chai ikampalia. "Ndugu, wanaume wa huku wakienda shamba wanazungukia ng'ambo ya mto, nusu saa zaidi, mkono mmoja umeshika jembe na wa pili umekinga mbele. Nani ataiba kitu kinachohasi?"

Bonaventura aliandika kwamba wezi hawapo, akauliza habari za walinzi.

"Wawili. Wa usiku ni Yordani, anazunguka uzio mpaka kunapokucha. Wa mchana ni Mzee Mhina, yule pale kwenye kiti. Alifariki mwaka juzi, mwezi wa kumi na moja."

"Mhina nani?"

"Mhina tu."

Bonaventura akaandika jina.

Habari ya Mzee Mhina haikuwa na siri yoyote. Mlinzi wa usiku alitakiwa kuzunguka, lakini mlinzi wa mchana, kwa amri ya makao makuu iliyobandikwa ukutani tangu mwaka wa uhuru, alitakiwa kukaa kwenye kiti hatua tatu kutoka mlango wa stoo, asizidishe wala asipunguze. Wa kwanza kukikalia kiti hicho alikuwa Mdoe. Alikikalia miaka mitatu, akaondoka hana nywele wala meno ya mbele, akaenda kufia kwao Kerenge kabla mahindi hayajakomaa. Mhina alikikalia miaka tisa. Ngozi ya viganja vyake ilibanduka, fizi zikatoa damu, akawa anapewa klorokwini kwenye zahanati na kuambiwa apunguze pilipili. Pilipili yenyewe alikuwa hali. Siku moja saa nne asubuhi aliinamisha kichwa, na Habakuki alipokuja kumgombeza kwa kusinzia, akakuta hasinzii.

Shida ilikuwa kiti. Walinzi wa kituo walikuwa na desturi yao, waliyokuja nayo kutoka mashamba ya mkonge: anayeondoka anasimama, anayeingia anakaa kabla kiti hakijapoa, anasema kwa sauti "Nimepokea," na yule wa kwanza anaondoka bila kugeuka nyuma. Bila hivyo mtu hajaacha kazi, hata awe amefukuzwa. Mdoe alimkabidhi Mhina hivyo. Mhina hakumkabidhi mtu. Walimzika siku ile ile saa kumi jioni, Yordani akiwa mmoja wa waliochimba kaburi, wakasoma dua wakala ubwabwa. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi Mhina alikuwa kwenye kiti chake, ndani ya sanda, rungu mapajani.

"Mzee Mhina," Habakuki alimwambia, "sare."

Ikabidi kaki itafutwe. Shemeji mtu alikuwa ameshairithi na ameivaa kwenda mnadani, akavuliwa hapo hapo mbele ya watu, akarudi nyumbani na kikoi cha kuazima. Tangu siku hiyo Mhina hakukosa kazini. Jioni Yordani alipofika kuanza kuzunguka, Mhina alipandisha taratibu kwenda makaburini, na alfajiri alishuka. Katika daftari la mahudhurio hakuna mtu aliyempita.

Mwongozo wa ukaguzi ulimtaka Bonaventura ajaribu kuingia kama mwizi bila kutoa taarifa. Alimwambia Habakuki anakwenda msalani, akatoka getini, akazunguka nyuma ya banda la ng'ombe, akapanda uzio. Juu ya uzio waya ukaishika suruali yake upande wa makalio. Akabaki ananing'inia, huku ng'ombe wanamtazama.

"Simama hapo hapo!" ilisema sauti nyuma yake.

"Nimesimama, mzee. Shikamoo."

"Marahaba." Mhina alikuwa amefika bila kusikika. Alimpa daftari la wageni kupitia kwenye nyaya, na kalamu. "Jina, unakotoka, na sababu ya kuja."

Bonaventura aliandika huku ananing'inia. Kwa kuwa alikuwa mtu mkweli, penye sababu ya kuja aliandika: kuiba. Mhina alilisoma neno hilo kwa makini, akatia saini, ndipo akamsaidia kushuka. Mkono wake ulikuwa wa baridi kama mtungi wa maji, na alimshika kwa upole, kama mtu anavyoshusha mtoto wa mwenzake.

Walirudi kwenye kiti, Habakuki naye akaja, wakaanza maswali. Mhina alikaa, Bonaventura alisimama kwa sababu ya suruali.

"Huwa unasinzia lindoni?"

"Zamani, hasa Ramadhani. Siku hizi usingizi hauji."

"Unaondoka kwenda haja?"

"Sina haja."

"Unatumia kilevi?"

"Astaghfirullahi."

Swali la kumi na saba liliuliza kama mlinzi anaweza kutishiwa maisha yake ili afungue mlango. Bonaventura alimtazama Habakuki, Habakuki akatazama bati. Wakaandika hapana. Swali la ishirini lilikuwa la afya, na fomu ilitoa nafasi tatu tu: nzuri, ya wastani, mbaya. Habakuki alisema kwa haki mbaya ndiyo ingefaa, ila ingeleta picha mbaya kwa kituo.

"Mzee, mara ya mwisho kuumwa ilikuwa lini?"

"Siku niliyokufa. Baada ya hapo, alhamdulillahi, hata mafua."

Wakatia alama penye nzuri.

Saa nne kamili aliingia getini mwanamke wa makamo amejitanda kanga mbili, birika la uji mkono mmoja na kikombe cha bati mkono wa pili. Huyo alikuwa Mwantumu, mke wa Mhina. Au mjane wake, na hapo ndipo palipomuuma. Maalimu wa msikiti wa Mkata alikuwa amemwambia hawezi kumhesabia eda mwanamke ambaye mumewe yuko kazini. Mume hakuwa anarudi nyumbani, maana jioni alikwenda makaburini. Kwa hiyo Mwantumu alikuwa mke wa mtu kuanzia saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni, na usiku hakuwa kitu. Binti yao alikuwa ameolewa Magoma, anamwita kila msimu aende akakae naye alee wajukuu. Hakuweza kwenda. Uji wa Mhina angeupika nani?

Mhina hakuunywa uji huo. Alikishika kikombe kwa adabu mpaka kikapoa, akamrudishia akisema ahsante, na Mwantumu akamwagia kuku. Ilikuwa hivyo mwaka mmoja na miezi saba.

Bonaventura alikuwa amefika swali la arobaini, la kupima mionzi ya jiwe. Alikifungua kile kisanduku chake, akakisogeza kwenye kiti. Kisanduku kikaanza kulia, ta, ta, ta, halafu kikalia mfululizo kama mafuta yanayokaanga dagaa, na mshale ukagonga mwisho wa kioo. Akarudi nyuma haraka. Akapima hatua tano, kumi, kumi na tano. Kwenye tangi la maji, hatua ishirini kutoka mlangoni, kisanduku kilitulia, kikawa kinatoa mlio mmoja mmoja, kivivu.

Mwantumu alikuwa anatazama. Hakuna aliyemweleza kitu.

"Mwanangu," alisema, "hapo kinapopiga kelele ndipo alipokaa miaka tisa."

"Naona, mama."

"Na hapo kwenye tangi kimenyamaza."

"Kimenyamaza."

"Kutoka kwenye tangi mlango hauonekani?"

Bonaventura aligeuka kuutazama. Mlango ulionekana wote, na kufuli lake. Ulionekana vizuri zaidi, maana pale kwenye kiti jua la asubuhi lilimpiga mtu machoni.

"Tulizaa mtoto mmoja kabla ya kiti hiki," alisema Mwantumu. "Baada ya kiti hatukuzaa tena, nikasemwa mimi. Nilisemwa na mama yake, nikasemwa na mawifi. Mimi nilikuwa nakunywa dawa za mizizi, chungu ajabu, na yeye amekaa hapo." Hakuipandisha sauti. "Namtaka akapumzike. Basi. Sina lingine."

"Kwa nini asimkabidhi mtu?"

Hapo Mhina mwenyewe alijibu kutoka kwenye kiti. "Nimkabidhi nani? Balozi wa nyumba kumi ameniletea vijana wawili. Nimewaangalia, meno yote wanayo, nywele nyingi, mmoja ameoa majuzi. Nikawaambia warudi shamba. Nikisimama hapa, mtu mwingine anakaa. Wakikisogeza kiti kule kwenye tangi, leo hii nasimama."

"Basi kisogezeni," Bonaventura alimwambia Habakuki.

"Amri iko ukutani, Ndugu. Hatua tatu. Mimi nikikisogeza, mimi ndiye nitakayesogezwa."

Bonaventura akaipekua fomu mbele na nyuma. "Mama, tatizo fomu hii ni ya usalama wa jiwe. Inauliza kama watu wanaweza kulidhuru jiwe. Kama jiwe linadhuru watu, hiyo ni fomu nyingine."

"Iko wapi?"

"Haijachapwa."

Mwantumu akaweka birika chini, akasimama tu. Bonaventura aliona haya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mama yake huko kwao, na mama yake naye alikuwa na namna hiyo ya kusimama. Mwisho wa fomu kulikuwa na sehemu ya maoni mengineyo, mistari miwili. Alichonga penseli, akaandika kwa herufi ndogo kama mchele, mistari minne ndani ya miwili. Aliandika kwamba mionzi kwenye kiti ni mikali, kwamba kwenye tangi ni salama, kwamba mlinzi wa kwanza na wa pili wote wameharibiwa na kiti hicho, na kwamba inashauriwa kihamishiwe kwenye tangi ili mtu aliye hai aweze kukikalia.

Mwantumu aliomba asome. Alikuwa mwaka wa pili kwenye kisomo cha watu wazima, tena wa mbele darasani. Alipitisha kidole neno kwa neno, midomo ikicheza, na wote wakamngoja.

"Hili neno inashauriwa," alisema, "litoe."

"Niweke nini?"

"Lazima."

Bonaventura akafuta, akaandika lazima. Halafu akaagana nao, Landrova ikasukumwa na Habakuki, Yordani aliyeamshwa usingizini na mzee Mhina mpaka ikawaka, akaondoka kwenda Segera amekalia gazeti kwa ajili ya suruali.

Mwantumu alianza kujiandaa siku hiyo hiyo. Alituma salamu Magoma kwamba mwaka huu anakuja. Aliifua sanda ya Mhina, iliyokuwa imekaa kwenye sanduku tangu mwenyewe avishwe kaki, akaianika uwanjani na kuipiga pasi ya mkaa. Jogoo wake mkubwa alimpa jirani amtunzie. Kila saa nne alipopeleka uji alimwambia Mhina, "Bado kidogo," na Mhina akajibu, "Inshallah." Watu waliomjua walisema hawajamwona akitembea vile tangu akiwa mwari.

Barua ilifika mwezi wa tisa, imepigwa taipu, nakala tatu. Habakuki aliwaita wote kwenye kiti, akaisoma kwa sauti ya mkutano.

Makao makuu yalifurahi sana. Kituo cha mbung'o kilikuwa kimepata alama arobaini na moja kati ya arobaini na mbili. Yalimpongeza Ndugu Bonaventura kwa taarifa safi, nayo yalikuwa yamemhamishia idara ya vipimo vya mizani. Kuhusu maoni mengineyo, yalikuwa yamesomwa kwa uzito unaostahili. Ilionekana kwamba kiti kinawadhuru watu walio hai. Lakini mlinzi wa sasa si wa hali hiyo, kwa hiyo sababu ya kukipeleka kwenye tangi haipo. Badala yake, kwa kuwa mlinzi huyo hawezi kudhurika, kiti kiingizwe ndani ya stoo, kiwekwe ubavuni mwa jiwe lenyewe, mahali ambapo hakuna nchi iliyowahi kuweza kuweka mlinzi. Ndugu Mhina anathibitishwa kazini bila kikomo.

Habakuki akageuza ukurasa, akaendelea. Kwa mafanikio hayo, nafasi ya mlinzi wa usiku nayo siku zijazo ijazwe na mtu wa hali kama ya Ndugu Mhina. Ndugu Yordani aendelee kuishikilia kwa muda, mpaka atakapotimiza masharti.

"Masharti gani?" aliuliza Yordani.

Aliisoma mwenyewe ile aya mara mbili, akarudisha karatasi, na kuanzia jioni hiyo akawa anazunguka uzio kwa nje.

"Na ile alama moja tuliyokosa?" aliuliza Mwantumu.

Habakuki hakutaka kuisoma. Mwantumu akaichukua barua, akapitisha kidole. Alama moja ilipotea kwa sababu mtu asiye mtumishi alikuwa anamkaribia mlinzi kila siku, saa ile ile, akiwa na chombo kisichokaguliwa. Hiyo ndiyo hatari pekee iliyoonekana katika kituo kizima. Kuanzia tarehe ya barua, mtu huyo asisogee karibu na mlango kwa umbali wa chini ya hatua ishirini.

"Ndiye mimi," alisema Mwantumu.

"Ndiye wewe," alisema Habakuki. "Nisamehe, mama."

Mwantumu alilia hapo hapo mbele yao, kwa sauti, bila kujifunika. Alilia kama hakulia siku ya mazishi, maana siku ya mazishi alidhani mambo yameisha. Mhina alisimama, akataka kumwendea, akakumbuka kwamba barua imeshasomwa. Habakuki akahesabu hatua. Hatua ya ishirini iliangukia kwenye tangi la maji.

Mhina akakinyanyua kiti chake, akakifuta vumbi kwa kiganja, akaingia nacho ndani. Mlango ukafungwa, kufuli likatiwa. Mbung'o madume waliokuwa kwenye vizimba vyao wakanyamaza kidogo, halafu wakaendelea.

Kesho yake saa nne Mwantumu alikuja na birika. Alisimama kwenye tangi, akaita kwa nguvu mpaka ng'ombe wakainua vichwa.

"Mhina!"

"Naam!" ilijibu saruji.

"Kukoje humo?"

"Kuna joto kidogo! Magoma wanasemaje?"

"Mjukuu ameota meno mawili!"

"Ya juu au ya chini?"

"Ya chini!"

"Alhamdulillahi!"

Mkata nzima ikawa inajua habari zao. Watu waliokuwa wanapalilia upande wa pili wa barabara walijua nani ameoa, bei ya chumvi, na kwamba Mwantumu amemsamehe mama mkwe wake lakini si mawifi. Kondakta wa basi la Handeni alikuwa anamwomba dereva asubiri kidogo ili wasikie mwisho. Wanafunzi wenzake wa kisomo waliandika barua mbili kwenda makao makuu, zenye neno lazima mara nyingi, na makao makuu yakajibu kwamba yamezipokea.

"Umechoka?" Mwantumu aliuliza siku moja, kabla hajaondoka pale kwenye tangi.

"Nimechoka!"

"Na mimi!"

Akamimina uji kwenye kikombe cha bati, akakishika kwa mikono miwili, akangoja ule muda ambao Mhina alikuwa akingoja. Ulipopoa akaunywa wote yeye. Akasema ahsante, kwa kuwa lazima mmoja wao aseme, akaosha kikombe kwenye bomba la tangi na kurudi nyumbani kuloweka mtama wa kesho.

Maalimu alipoulizwa tena, alisema eda bado haijaanza.